Bi Salme wa Zanzibar: mama aliyelea watoto watatu ugenini



Kamati ya jubilii ilipoketi kupanga kijitabu hiki, tulikubaliana kwamba baada ya historia ya kwaya na majina ya viongozi tuweke maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyefariki zamani, ili watoto wa shule ya Jumapili nao wapate kitu cha kusoma. Majina yalipendekezwa mengi. Wengine walimtaka Mekatilili wa Menza, na hatuwalaumu, lakini Mekatilili tunamkumbuka kila mwaka hapa kwetu na sanamu yake iko Malindi mjini. Kinamama wa sauti ya pili ndio waliosema tutafute mama aliyeondoka kwao akalea watoto katika nchi ya watu. Sababu yao sote twaijua. Siku ya mazoezi tukihesabu viti tunaona mapengo: wenzetu kadhaa wako Saudia, Qatar na Oman katika kazi za nyumbani, na watoto wao wako kwa nyanya zao hapa Mambrui na Gongoni.

Basi tulimchagua Sayyida Salme binti Said, ambaye Wazungu walimjua kwa jina la Emily Ruete. Wapo watakaouliza, huyu si alikuwa binti wa mfalme, ana nini na sisi? Tunaomba msomaji avumilie kidogo.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, ambaye milki yake ilifika mpaka huku kwetu, Mombasa, Malindi na Lamu. Alipofariki, Sayyid Said aliacha watoto 36. Mama yake Salme aliitwa Jilfidan. Huyu hakuwa mke wa ndoa bali suria, naye alitoka mbali sana, nchi ya Wacherkesi karibu na Bahari Nyeusi. Akiwa mtoto mdogo vita viliingia kijijini kwao, wazazi wake wakauawa, naye akachukuliwa na kuuzwa mpaka akafika Zanzibar. Kwa hiyo Salme alizaliwa na mama mgeni kabla hajawa mama mgeni yeye mwenyewe. Jilfidan alijifunza lugha za ugenini, akawa mtu wa kutegemewa na jumba zima, hasa mtu akiugua. Ndiye aliyemlea Salme, na tunaamini mengi aliyokuja kuyaweza baadaye aliyaona kwa mama huyu.

Pale Mtoni kulisemwa Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki na lugha nyingine nyingi chini ya paa moja. Watoto walifundishwa kusoma Kurani, lakini wasichana hawakufundishwa kuandika. Salme alijifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akatia wino, akawa ananakili herufi za msahafu moja moja mpaka mkono ukazoea. Sisi tulio walimu tumeipenda sana habari hii, na tumeisimulia darasani zaidi ya mara moja.

Kuandika huko ndiko kulikomponza, na baadaye ndiko kulikomlisha.

Baba yake alifariki baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Muscat, na miaka mitatu baadaye Jilfidan akafa kwa kipindupindu. Salme akabaki yatima mwenye umri wa miaka 15. Mwaka huohuo wa 1859 kaka zake wawili waligombea ufalme, Majid aliyekuwa ametawazwa na Barghash aliyetaka kumpindua. Salme alivutwa upande wa Barghash na kwa kuwa alijua kuandika akafanywa katibu wa njama ile. Yeye ndiye aliyeziandika barua. Waingereza walimsaidia Majid, njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na lawama za ndugu. Wasomaji wamkumbuke Barghash, atarudi.

Hapa lazima tuseme jambo moja kuhusu pwani yetu. Katika miaka ya 1860 utawala wa Majid uliufufua mji wa Malindi, na mashamba makubwa ya mtama na simsim yakalimwa huko na hapa Mambrui. Yalilimwa na watumwa. Salme alikulia katika nyumba zilizojaa watumwa, na hata alipokuwa mtu mzima Ulaya aliandika akiutetea utumwa wa kwao kwa maneno ambayo sisi hatuwezi kuyakubali, tulio na mababu waliotorokea msituni kuukimbia. Hatumfanyi mtakatifu. Tunasimulia alivyolea watoto wake.

Mjini Zanzibar alijuana na kijana mfanyabiashara kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, ambaye nyumba yake ilikuwa jirani na yake. Wakapendana, naye akashika mimba. Kwa binti wa nyumba ile, tena na mtu asiye wa dini yao, hilo lilikuwa jambo la kifo. Usiku mmoja mwishoni mwa Agosti 1866 alisaidiwa kupanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, ikampeleka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, akabaki akimngoja Ruete amalize shughuli zake. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyohiyo wakafunga ndoa. Wakasafiri kwenda Ulaya. Yule mtoto wa kwanza alifariki akiwa mchanga, hakuwahi kuiona Hamburg.

Kuhusu ubatizo huo tumejadiliana sana katika kamati. Tunaishi Mambrui, mji wa kale wa Waislamu, na majirani zetu ndio wanaotusaidia kubeba jeneza na ndio wanaotualika Idi. Hatuandiki habari hii ili kushangilia kwamba mtu fulani alihamia upande wetu. Yeye mwenyewe baadaye aliandika kwa uwazi kwamba alibatizwa kabla hajafundishwa vya kutosha, na kwamba kwa miaka mingi moyo wake uligawanyika. Kwa ndugu zake lilikuwa jeraha la kweli, na kwake pia. Aliyetaka kumwonea fahari katika jambo hili atamkosea, na aliyetaka kumlaani atamkosea vilevile.

Hamburg ilimpokea kwa baridi na macho ya watu. Hakujua Kijerumani. Nyumba zilikuwa zimefungwa madirisha na milango, yeye aliyezoea baraza zilizo wazi kwa upepo wa bahari. Watu walimtazama kama kitu cha maonyesho. Hata hivyo alikuwa na mume aliyempenda, na watoto wakaja haraka: Antonie mwezi Machi 1868, Said mwezi Aprili 1869, na Rosalie mwezi Aprili 1870. Kila mmoja aliwekewa jina la Kizungu na jina la kwao. Antonie alikuwa pia Thawka, mvulana alikuwa Rudolph Said, jina la babu yake, na Rosalie alikuwa Ghuza.

Tarehe 6 Agosti 1870 Heinrich Ruete alianguka alipokuwa akishuka kwenye tramu ya farasi, ikamkanyaga, akafa. Emily alikuwa hajafikisha miaka 26. Mtoto wake mkubwa alikuwa na miaka miwili, na kitinda mimba alikuwa hajatimiza miezi minne.

Tuliposoma sehemu hii kwa sauti Alhamisi moja baada ya mazoezi, hapakuwa na aliyesema neno kwa muda. Katika kwaya yetu wako wajane wanne.

Mali ya mumewe iliyeyuka. Kwa sheria za wakati ule mjane hakuachiwa kusimamia peke yake urithi na watoto wake, wakawekwa wanaume wa kuwaangalia na kuamua. Fikiria mama ambaye ndiye anayeamka usiku mtoto akikohoa, lakini hesabu ya fedha za mtoto huyo iko mkononi mwa watu wengine. Mwaka huohuo wa 1870 Majid alikufa huko Zanzibar na Barghash akawa Sultani. Huyu ndiye kaka aliyeandikiwa barua na Salme, kaka ambaye kwa ajili yake aligombana na nusu ya ukoo. Emily alitumaini kwamba sasa atapewa haki yake ya urithi. Barghash alikataa. Kwake dada huyu alikuwa ameitupa dini na nyumba ya baba yao, na mtu wa namna hiyo harithi.

Basi akashika kazi. Alihama Hamburg akaenda Dresden, baadaye Rudolstadt, mji mdogo ambako maisha yalikuwa rahisi zaidi, kisha Berlin na Köln, akitafuta mahali ambapo fedha kidogo zingetosha kodi ya nyumba na ada ya shule. Yeye aliyezaliwa akipepewa na watumishi alijifunza kuendesha nyumba ya Kijerumani wakati wa baridi, na kupima kila senti. Alifundisha Kiarabu. Lugha aliyoiokota juu ya mfupa wa ngamia kwa siri sasa ikawa mkate wa watoto watatu. Kusoma na kuandika Kijerumani alijifunza pia, mpaka akaweza kuwasaidia wanawe kazi za shule, mama na watoto wakisoma lugha moja ya kigeni kwa pamoja, ingawa kwao haikuwa ya kigeni. Hapo ndipo penye uchungu ambao akina mama wengi walioko mbali wanaujua: watoto wanakuwa wenyeji, mama anabaki mgeni mezani pake mwenyewe.

Mwaka 1875 alisikia kwamba Barghash anazuru London. Alikaza kujifunza Kiingereza kwa wiki chache, akawaacha watoto kwa watu Ujerumani, akavuka bahari ili amwone kaka yake uso kwa uso. Huko London alijiwa na Bwana Bartle Frere. Jina hili si geni kwetu. Miaka miwili kabla ya hapo Frere alikuwa ametumwa Zanzibar kushughulikia mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na ni katika mwaka uleule wa 1875 ambapo makao ya watumwa walioachiwa huru yalianzishwa Kisauni, Mombasa, yakaitwa Freretown kwa heshima yake. Wazee wetu wengi wa kanisa la pwani walitokea huko, na kengele yake ingali ipo Kengeleni.

Frere alimwekea Emily mambo mawili achague: kupatana na ndugu zake, au maisha ya baadaye ya watoto wake. Waingereza hawakutaka mgeni wao Barghash asumbuliwe na mambo ya dada huyu. Akikubali kutomsogelea kaka yake, serikali ya Uingereza ingeangalia elimu ya watoto. Mama akachagua watoto. Akarudi Ujerumani bila kumwona Barghash. Baadaye akajibiwa kwamba, kwa kuwa yeye ni raia wa Ujerumani, msaada autafute kwa serikali yake. Hakupata kaka wala ada. Sisi tunaoimba katika kanisa ambalo Freretown ni sehemu ya mizizi yake tumeona tuliandike jambo hili kama lilivyo. Mtu aliyewatendea wema maelfu aliweza pia kumtendea mjane mmoja vibaya, na hesabu hizo mbili haziondoani.

Kama mwaka 1877 afya yake ilidhoofika, akaogopa kwamba atakufa kabla watoto hawajawa na umri wa kumwuliza maswali. Hawakujua chochote kuhusu Mtoni, bibi yao Jilfidan, minazi, Idi, au namna arusi ilivyofanywa kwao. Akaanza kuwaandikia. Hakukusudia kitabu cha watu wote, aliandika ili wanawe wajue mama yao ni nani. Miaka tisa baadaye, 1886, maandishi hayo yalichapishwa Berlin kama kumbukumbu zake, yakatafsiriwa kwa Kiingereza na lugha nyingine, na mpaka leo wanaosoma historia ya Zanzibar hawawezi kuyaepuka. Ni mojawapo ya vitabu vya kwanza kabisa ambamo mwanamke wa Kiarabu alisimulia maisha yake mwenyewe. Sisi tunakiona kwanza kama barua ya mama kwa watoto watatu.

Kabla kitabu hakijatoka alirudi kwao. Mwezi Agosti 1885, miaka 19 tangu usiku ule wa Highflyer, alifika bandari ya Zanzibar katika meli ya Kijerumani iitwayo Adler pamoja na Antonie, Said na Rosalie, waliokuwa sasa vijana. Lakini hakuja kama mtu anayerudi nyumbani. Manowari za Kijerumani zilikuwa zimetangulia na kuelekeza mizinga mjini, kwa sababu Bismarck alitaka Barghash akubali Wajerumani wachukue nchi za bara, na madai ya dada wa Sultani yalikuwa kisingizio kizuri. Barghash alikubali matakwa ya Wajerumani kuhusu nchi. Dada yake hakumpokea. Emily alipotembea mjini na watoto wake, watu wa kawaida walimfuata na kumsalimu kwa Kiswahili na Kiarabu, naye akawaonyesha watoto majumba ya utotoni. Mtoni palikuwa pameanza kubomoka. Walipokwisha kupata walichokitaka, Wajerumani hawakumhitaji tena.

Barghash alifariki mwezi Machi 1888. Mwaka huo Emily alirudi mara nyingine, akiwa na Rosalie, akajaribu kwa Sultani mpya, Sayyid Khalifa, ambaye naye alikuwa ndugu yake. Akakataliwa. Safari hii hakutaka kurudi kuishi Ujerumani. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, akakaa huko mpaka 1914, karibu na lugha ya baba yake na chini ya jua, mahali ambapo si kwao lakini panafanana kidogo na kwao.

Watoto walikua, wakajitegemea. Said akawa ofisa wa jeshi la Ujerumani, baadaye akahamia London, na mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya maisha ya babu yake Sayyid Said. Rosalie aliolewa na ofisa wa jeshi. Antonie aliolewa na mtumishi wa serikali, akakaa naye visiwa vya Marshall katika bahari ya Pasifiki, na mwaka 1907 akachapisha kitabu cha mapishi kwa watu wanaoishi nchi za joto. Kinamama wa jikoni wa kamati yetu walicheka sana kusikia hili. Lakini kitu kimoja walikipenda: watoto wote watatu walifika uzeeni, na mvulana yule, ambaye babu yake alimjua kwa maandishi ya mama tu, ndiye aliyemwandika babu huyo.

Katika miaka yake ya mwisho Emily alipewa pensheni ndogo kutoka Zanzibar, wakati wa Sultani Khalifa bin Harub. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50 tangu aanze kudai. Alifariki kwa nimonia mjini Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kwenye kaburi la akina Ruete pamoja na mumewe. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Zanzibar, aliokuwa ameutunza miaka yote hiyo.

Tulipomaliza kusoma, mama mmoja wa kwaya aliuliza kwa nini hakurudi tu akaomba msamaha. Mwingine akamjibu kwamba alirudi mara mbili. Mazungumzo yaliendelea mpaka mlinzi akaja kufunga kanisa, wala hatukukubaliana. Wengine walisema alijitakia, wengine wakasema hata aliyejitakia ana watoto wa kulisha. Dada mmoja aliyerudi kutoka Riyadh mwaka jana, ambaye kwa kawaida haongei, alisema kwamba kitu kigumu kuliko vyote si kazi wala matusi. Ni kuongea na mwanao kwa simu ukasikia anakujibu kwa adabu kama anayeongea na mgeni. Alisema anaelewa kwa nini yule mama aliandika.

Katika ratiba ya siku, baada ya hotuba ya mwenyekiti na kabla ya harambee, kinamama wa sauti ya pili wataimba peke yao. Tunaomba wakati huo watu wakae kimya na simu zizimwe, isipokuwa ile moja itakayowekwa mbele. Wimbo huo utarekodiwa na kutumwa kwa wenzetu walioko Ghuba jioni ileile, pamoja na sauti za watoto wao, ambao watasimama mstari wa kwanza na kutaja majina yao mmoja mmoja. Walezi waliobaki na watoto hao wawalete kanisani saa moja na nusu asubuhi kwa ajili ya mazoezi mafupi.